Miezi ya Mshtarii na Karatasi Niliyoigeuza

Vijana wa klabu ya sayansi, tangu shule yenu iletewe ile darubini mpya, shikamoo zimeongezeka ghafla. Zamani mlinipita barabarani mbio mbio kama mnafukuzwa. Siku hizi hata wa kidato cha kwanza anasimama, anakunja mikono, "Shikamoo, Bibi Yasinta," halafu anabaki amesimama pale pale. Marahaba. Najua mnachotaka. Mmesikia kwamba bibi huyu wa Ntobeye aliwahi kuangalia miezi ya Mshtarii kwa bomba la maji, na kwamba bomba lenyewe nusura limpeleke mtu pabaya. Ni kweli. Mwalimu wenu aliniomba nije kuzungumza, nikakataa, maana nikisimama mbele ya watu huwa naanzia mwisho. Nikiandika, angalau naweza kufuta.

Mimi si mtaalamu wa nyota. Kazi yangu ilikuwa miwani. Nilikaa kwenye karakana ya kliniki ya macho, hospitali ya misheni, tangu nikiwa msichana mpaka nikastaafu. Nilikata lenzi, nikanoa kingo, nikakaza skrubu za fremu ambazo wenyewe walikuwa wamezikalia. Kila aliyekuja na fremu iliyokaliwa alisema ni mtoto ndiye aliyeikalia. Watoto wa wilaya hii wamesingiziwa sana.

Lenzi tulizinoa kwa mkono, kwenye jiwe linalozunguka huku maji yakidondoka, na vidole vilikuwa vyeupe muda wote kama vya mwoka mikate. Sasa hivi miwani inakuja imekatwa tayari kwa mashine, ya plastiki, mtu anaibandika tu. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba ukikata lenzi kwa mkono unaijua tabia yake, na ukiijua tabia yake, darubini haikushindi.

Hesabu yake ni hii, andikeni. Chukua mia, igawanye kwa namba ya lenzi, utapata ni sentimita ngapi lenzi hiyo inahitaji kukusanya mwanga. Lenzi ya nusu, ile dhaifu kabisa tunayompa mtu anayelalamika kidogo tu, inahitaji sentimita mia mbili. Lenzi ya ishirini, ile nene ya kuchungulia ndani ya jicho, inahitaji tano. Weka ya nusu mbele na ya ishirini nyuma, katikati bomba la mita mbili na kidogo. Gawanya mia mbili kwa tano, darubini yako inakuza mara arobaini. Basi. Hakuna uchawi.

Aliyenifundisha hesabu hiyo aliitwa Venansi. Alikuwa mwalimu wa fizikia kwao Burundi, na alikuja kwetu miaka ile ya wakimbizi, wakati vilima vilivyokuwa vya migomba na nyasi vilipofunikwa na mapaa ya plastiki ya buluu. Wengine wenu ni wajukuu wa watu waliokaa chini ya mapaa hayo, kwa hiyo sina haja ya kuwasimulia. Siku ya kwanza aliingia karakanani akishika miwani yake vipande viwili mkononi. Nikaiunga. Akaivaa, akatazama rafu zangu zote, kisha akasema taratibu:

"Dada, nina ombi ringine. Mna renzi ya nusu? Hata iriyokwaruzika. Tafadhari."

"Ya nusu haikufai, Mwalimu. Macho yako ni mabaya kuliko hapo."

"Si ya macho. Ni ya Jupita."

Nilidhani Jupita ni mkewe, kumbe ndivyo alivyoiita Mshtarii.

Ndivyo tulivyoanza. Mimi nilitoa lenzi ya nusu yenye mkwaruzo karibu na katikati, na lenzi ya ishirini iliyomeguka ukingo ambayo kliniki ilikuwa imeitupa. Yeye akapata bomba la kijivu lililopasuka kwa watu waliokuwa wakitandaza mabomba ya maji kambini. Ndani tulipaka masizi ya chungu yaliyokorogwa na gundi, ili mwanga usirukeruke. Mbele tukafunika lenzi kwa kipande cha katoni chenye tundu la sentimita tatu. Msiogope kuziba lenzi. Ukiiacha wazi yote, nyota inavaa rangi nyekundu na buluu kama kitenge, ukiiziba, inatulia. Bomba tulililaza juu ya nguzo mbili za mkaratusi zenye panda, kwenye kilima nyuma ya nyumba yangu. Msishike darubini kwa mkono. Hata pumzi yako inatosha kuitikisa.

Na jua msilitazame kamwe kwa chombo hicho, hata kwa utani. Nimewahudumia waliolitazama. Hakuna miwani ya kuwarudishia.

Makosa? Tele. Jioni ya kwanza nilielekeza bomba kwenye Zuhura, ile nyota kali ya machweo, nikaona kitu kama ukucha. Nikalia kwa hasira. Nilijua nimeinoa lenzi vibaya nikaila upande mmoja, na Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Zuhura huwa na umbo la hilali kama mwezi wetu, inategemea jua liko upande gani. Lenzi yangu ilikuwa salama. Nilifarijika kama mtu aliyeokota funguo zake.

Wiki mbili baadaye niligundua mwezi wa tano wa Mshtarii. Ile minne mikubwa kila mtu mwenye darubini anaiona, vitone vinne kwenye mstari mmoja, lakini mimi nilikuwa na wa tano, mdogo, juu kidogo ya wenzake. Nilishamchagulia hata jina. Mwalimu alisogea mbele ya bomba. Alishika katoni ya mbele pamoja na lenzi, akaizungusha robo duara. Mwezi wangu nao ukazunguka. Ulikuwa ule mkwaruzo. Tangu siku hiyo, kila nikiona kitu kipya angani, kwanza nazungusha lenzi. Kikizunguka nacho, kiko kwako. Kikibaki pale pale, kiko mbinguni.

Habari zikaenea, na Jumapili jioni watu walianza kupanda kilimani. Wazee walijipanga kwanza, kisha kina mama, kila mmoja kwa heshima yake, kama kwenye chungu cha pombe ya ndizi chenye mrija mmoja. Mzee mmoja wa Keza alikaa na jicho kwenye bomba muda mrefu mno, na nyuma yake mtu akasema, "Mzee, umeshiba, waachie na wengine." Akajibu bila kuondoa jicho kwamba bado hajafika chini ya chungu.

Nimewaambia hayo ya kuchekesha kwanza makusudi, kwa sababu linalofuata halikuchekesha wakati ule.

Mwalimu Venansi alitaka tuandike. "Kuona bira kuandika ni kutembea tu," alisema. Basi tukawa na daftari la mistari, na kila jioni kama saa moja na nusu tulichora duara dogo, ndiyo Mshtarii, na vitone pembeni yake, ndiyo miezi, halafu saa. Kwa kuwa Mwalimu alipaswa kurudi kambini mapema, tuligawana zamu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zilikuwa zake. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi zangu. Jumapili hatukuandika, kwa sababu ya foleni ya wazee. Ukurasa wake aliuwekea V, wangu niliuwekea Y.

Baada ya wiki kadhaa Mwalimu aligundua jambo zuri. Ukilinganisha Alhamisi na Alhamisi iliyopita, saa ile ile, miezi mitatu ya ndani inakuwa imerudi karibu pale pale ilipokuwa. Wa kwanza huzunguka mara nne kwa wiki, wa pili mara mbili, wa tatu mara moja, na yote huishia karibu pamoja. Wa nne ana safari yake ndefu, siku kumi na saba pungufu, huyo tulimwacha ajiendee. Kitu kimoja tu kilitusumbua. Ukilinganisha Alhamisi na Ijumaa, miezi ilionekana kuruka hovyo.

"Dada, siku zako zina vurugu," aliniambia.

"Siku zangu au zako?"

"Tuseme ni za Jupita."

Tukaiachia Jupita lawama.

Sasa hapa niwaeleze habari ya bosi wangu, Bwana Leonidas, mkuu wa karakana, mtu mrefu mwenye rula ya chuma ambayo sijui kama aliwahi kupimia kitu zaidi ya vidole vyetu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchungulia ndani ya jicho kwa lenzi ya ishirini. Lenzi hiyo hupindua kila kitu. Juu inakuwa chini, kulia inakuwa kushoto. Ukimchorea daktari unachokiona vile vile, atakwenda kutibu upande usio na ugonjwa. Kwa hiyo Bwana Leonidas alitufundisha kugeuza karatasi kichwa chini kabla ya kuchora, kisha ukiirudisha, mchoro unakaa sawa na jicho lenyewe. Ukisahau, rula. Baada ya mwaka mmoja sikusahau tena. Mkono wangu uligeuza karatasi wenyewe, bila kuniuliza. Kumbukeni hilo.

Wiki moja kliniki yetu ya kutembea ilikwenda Nyabusozi, kule Biharamulo, kupima macho ya wakulima kwa siku mbili. Kabla ya kuondoka nilimwambia Mwalimu maneno ambayo nimeyajutia sana: "Jumatano ni zamu yako, usiikose. Tukiruka siku moja hesabu inaharibika." Kwa kawaida nilisimama naye kilimani, mimi mwenyeji, na mgambo wakipita walitusalimia tu. Siku ile alikuwa peke yake. Kibali chake cha kutoka kambini kiliisha saa kumi na mbili jioni. Na wiki hizo kulikuwa na maneno mengi ya silaha kupitishwa mpakani, watu wote tulikuwa roho juu.

Niliporudi Alhamisi mchana nilimkuta Esperansia, mke wa Mwalimu, amekaa kizingitini kwangu, mtoto mgongoni na mwingine miguuni. Vumbi lilikuwa limemfika magotini.

"Amahoro, mama," nikamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Dada, Venansi wamemchukua. Wanasema ana mzinga."

Sikushusha hata mfuko. Tulikwenda moja kwa moja ofisi ya kijiji. Bomba letu lilikuwa limeegeshwa pembeni, na mgambo wawili wamekaa mbali nalo. Mwalimu alikuwa kwenye benchi. Aliponiona alisimama kunisalimu kama vile tumekutana kanisani. Nyuma ya meza alikaa mkuu wao. Jina lake siliandiki. Sote tulimwita Afande. Alikuwa mtu wa Singida, mpole wa sauti, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa ameshika daftari letu, mkono ameunyoosha mpaka mwisho.

"Mama, wewe ndiye Y?"

"Ndiye mimi."

"Bomba nimeshalichungulia, nimeona ni lenzi tu. Bomba si tatizo langu. Hili ndilo tatizo langu." Akagonga ukurasa. "Duara moja. Vitone vinne. Na saa. Kambi hii ninailinda kwa vituo vinne. Siku nyingine mmeandika vitatu, na kati ya siku hizo, mbili nimechunguza, kituo kimoja hakikuwa na mtu. Mlinzi alikuwa kilabuni. Mimi mwenyewe sikujua. Ninyi mlijuaje?"

Mgambo mmoja akaangalia sakafu.

Nilieleza. Nilisema ni miezi ya Mshtarii, na ikiwa mitatu ni kwamba mmoja umejificha nyuma ya sayari yake. Nilijisikia mwenyewe jinsi nilivyosikika. Afande akaniambia Jumamosi alfajiri gari litakuja kuwachukua walioshikwa wiki ile, na Mwalimu akipanda mle, yeye Afande hana tena neno. Yanayofuata yanaamuliwa kwingine. Kila mtu mle ofisini alielewa kwingine ni wapi, na kwamba huenda mwisho wake ni ng'ambo ya mpaka, kule Mwalimu alikokimbia. Esperansia hakulia. Alimkaza mtoto mgongoni.

Ndipo nikaikumbuka ile kanuni ya wiki. "Afande, leo ni Alhamisi. Njoo kilimani saa moja na nusu, uangalie mwenyewe, ulinganishe na Alhamisi iliyopita. Miezi mitatu ya karibu itakuwa imerudi mahali pake. Vituo vyako haviwezi kufanya hivyo."

Alifikiri. "Nitachora mwenyewe," akasema. "Kwa mkono wangu. Kisha ndipo tufungue daftari."

Nilikubali kwa furaha. Nilikuwa na uhakika kabisa, vijana wangu. Nilipanda kilima nikijipongeza.

Jioni ilikuwa safi, na mgambo walikuwa wamelirudisha bomba juu ya nguzo zake. Afande aliinama, akashindwa kuona, nikamwonyesha kusukuma bomba dogo la nyuma, lile lenye lenzi ya ishirini, ndani na nje mpaka kitu kikae sawa. Kisha akachora kwenye karatasi yake: duara, kitone kimoja kushoto, viwili kulia, na kile cha nne mbali. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya mgambo wawili. Afande akafungua daftari, Alhamisi iliyopita, mkono wangu, Y.

Viwili kushoto. Kimoja kulia.

Mimi nilisema "haiwezekani" mara tatu. Mwalimu alinitazama, si kwa lawama, ila kama mtu aliyeshuka ngazi akakosa kidato cha mwisho. Na mimi nikashusha macho kwenye mkono wangu, nikauona umeshikilia ukingo wa karatasi ya Afande, umeshaanza kuigeuza.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Muda wote ule nilikuwa nimechora kama Bwana Leonidas alivyonifundisha, nikigeuza daftari kichwa chini, na Mwalimu alikuwa amechora kama alivyoona. Ndiyo maana siku zangu zilikuwa na vurugu. Ndiyo maana Alhamisi ililingana na Alhamisi, kwa sababu zote mbili zilikuwa za kwangu. Nilieleza yote hayo mbele ya watu, maneno yakigongana, nikaligeuza daftari chini juu. Kimoja kushoto, viwili kulia. Sawasawa.

"Mama," Afande akasema, "ramani yoyote ukiigeuza italingana na kitu fulani."

"Nimekosea mimi. Huyu hana kosa. Mimi ndiye niliyemwambia aje."

Akamgeukia Mwalimu. "Wewe huwa unageuza karatasi?"

"Hapana, Afande. Nachora ninavyoona."

"Na hamkuwahi kuulizana?"

Tulitazamana. "Hapana," tukajibu pamoja, na mgambo mmoja akashindwa kujizuia, akacheka puani.

Afande hakucheka, lakini hakufunga daftari. "Kesho Ijumaa. Ijumaa iliyopita ni mkono wa nani?"

"Wangu," alisema Mwalimu.

"Basi kesho. Ikilingana bila kugeuza, tutaongea. Isipolingana, au nisipoona kitu, Jumamosi alfajiri anapanda gari."

Ijumaa nilikwenda kazini, sijui kwa nini. Nilikata lenzi ya jicho la kulia nikaiweka kushoto. Bwana Leonidas akaniuliza nina nini, nikamweleza, nikategemea rula. Akakaa kwenye kigoda chake. "Kumbe nilikufundisha vizuri mno," akasema, akanituma nyumbani.

Saa nane mchana mawingu yalianza kujipanga upande wa Keza. Saa kumi ikanyesha. Nilikaa mlangoni na Esperansia tukiangalia mvua. Aliniuliza hiyo miezi iko mbali kiasi gani. Nikasema mbali sana. "Na bado inatosha kumfunga mtu," akasema. Nilitamani ardhi ipasuke.

Saa kumi na mbili mvua ikakatika, lakini mawingu yakabaki. Afande alifika kwa wakati, daftari kwapani, amelifunga kwa kamba. "Sijalifungua," akasema. Mwalimu akaletwa. Tulisimama kwenye nyasi zilizolowa. Saa moja ikapita. Upande wa mashariki ulikuwa umeanza kufunguka, sisi tulihitaji magharibi. Saa moja na nusu hakuna kitu. Afande akaangalia saa yake, kisha akaangalia barabara ya kwenda chini. Sikuomba hata rozari; nilikuwa natazama tu kale kasehemu ka mbingu kama mtu anayesubiri maziwa yachemke.

Pengo likaja. Halikuwa kubwa, upana wa kiganja ukinyoosha mkono, na Mshtarii ukiwa katikati yake. Mwalimu ndiye aliyelielekeza bomba. Akarudi nyuma. "Afande, haraka rakini taratibu."

Afande akaweka jicho. Akasukuma bomba dogo, akalivuta. Akachora. Akaangalia tena, akarekebisha kitone kimoja. Alipomaliza, wingu lilikuwa limeshafunga. Akafungua kamba ya daftari, akanyoosha mkono mpaka mwisho kusoma, akaomba tochi, akanyoosha tena. Nilishindwa kuvumilia, nikachungulia begani kwake.

Karatasi yake: miezi mitatu yote kushoto, kwa mstari, wa nne peke yake kulia mbali. Daftari, Ijumaa iliyopita, V: mitatu yote kushoto. Wa nne tu ndiye alikuwa amehama, kama tulivyosema atahama.

"Vituo vyangu vitatu upande mmoja," akasema Afande polepole. "Mgambo wangu hawawezi kujipanga hivi hata nikiwapulizia filimbi mwezi mzima." Akafunua kurasa za daftari, akarudi Alhamisi, akaligeuza chini juu, akacheka kwa mara ya kwanza. Kisha akampa Mwalimu mkononi. "Nenda nyumbani, Mwalimu. Daftari kaa nalo wewe. Kijana wangu atakusindikiza usisumbuliwe njiani."

Nilikaa chini kwenye nyasi zenye maji, gauni la kazini na yote, nikacheka na kulia kwa pamoja, na Esperansia akakaa karibu yangu akaanza kunipangusa uso kwa ncha ya kanga yake huku wa kwake ukiwa umelowa zaidi. Sijawahi kuonja raha kama ile. Harusi yangu ilikuwa nzuri, lakini haikufikia hapo.

Kabla ya kushuka, Afande aliomba kalamu. Chini ya mchoro wake, aliouweka ndani ya daftari, aliandika: *Kama nilivyoona*, akatia sahihi. Wiki iliyofuata alimpa Mwalimu kibali cha kukaa kilimani mpaka saa mbili. Alikuja mwenyewe hadi karakanani kukileta, akasimama mlangoni akizungusha kofia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama tunatengeneza na miwani ya kusomea. Nilimpimia. Alikuwa anahitaji mbili na nusu. Miaka mingapi mtu huyu alikuwa akisoma taarifa za mpakani kwa kunyoosha mkono, sikuthubutu kumuuliza.

Sasa nyie mna darubini ya duka, na simu zenu zinawaambia jina la kila nyota kabla hamjaiuliza. Vizuri. Lakini simu inaonyesha mbingu ilivyo, darubini inaionyesha kwa namna yake, na mkono wa kila mmoja wenu una mazoea yake ambayo yeye mwenyewe hayaoni. Ukurasa wa kwanza wa daftari lenu andikeni: *Tunachora kama tunavyoona.* Kisha kila mmoja amwangalie mwenzake anapochora, angalau mara moja. Sisi tulikuwa watu wazima wawili wenye akili zetu, tukaangalia anga miezi kadhaa bila kuangaliana mikono.

Mwalimu na Esperansia walirudi kwao amani ilipopatikana, na daftari akaniachia mimi. Nimelituma pamoja na karatasi hizi, mlitunze. Mkilifungua, mtaona kurasa za V, za Y, na ile moja yenye sahihi. Mimi huwa nafungua ukurasa unaofuata hapo, wa Jumamosi. Ilikuwa zamu yangu, lakini daftari lilikuwa kwake, kwa hiyo aliandika yeye. Jioni ile mbingu yote ilifunga kuanzia Keza hadi upeo wa macho, haikuonekana hata nyota moja, na mvua ikanyesha mpaka asubuhi. Hakuna duara hapo wala vitone. Kuna maneno tu, kwa mwandiko wake mdogo wa kimwalimu: *Jumamosi. Mawingu matupu. Nimelala nyumbani na watoto. V.*